Msimu Niliobeba Juisi ya Baba

Sisi tuliokulia Sur, mji wa bandari kusini mwa Maskati, kabla simu hazijaingia mikononi mwa watoto tulikuwa na raha zetu. Tukirudi skuli na vumbi mpaka kwenye kope, tukakaa barazani kucheza mdako, na bibi yangu, aliyetoka Unguja akiwa msichana, akitugaia mkate wa ufuta na kutukanya kwa Kiswahili chake ambacho wajukuu wa leo wanakisikia kama redio ya mbali. Lakini mwaka niliotimiza miaka kumi sikuwa na nafasi ya mdako. Mwaka huo niliumaliza kwa kuogopa.

Baba alikuwa mchezaji wa bolingi, tena wa kulipwa. Kilabu kimoja kilimwajiri kuvingirisha tufe zito kwenye njia ndefu ya mbao na kuangusha pini kumi zilizosimama mwisho wake. Bibi hakuielewa kazi hiyo. Akisema, "Mtu mzima na ndevu zake, anagombana na chupa." Msimu wa mashindano ulianza joto lilipopungua, ukazunguka Sur, Ibra na Nizwa, kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Mama alikuwa na mtoto mchanga, basi aliyefuatana na baba ni mimi.

Tulipokwenda Ibra, baba aliondoka katikati ya mchezo, nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya kaunta ya viatu vya kukodi, amekaa chini, jasho linamtiririka na ukumbi wote baridi ya kiyoyozi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, akijaribu kufungua pakti ya juisi kwa meno. Nikamfungulia. Alipokwisha kunywa, macho yake yakarudi kuwa ya baba yangu, akanieleza kuwa ana ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano kwa siri, na siku nyengine sindano huishusha sukari kupita kiasi.

"Ikishuka sana, mtu anaweza kuzimia asiamke," akanambia. "Lakini usimwambie mtu, Zuwena, hata mama yako. Kilabu wakijua, wataniacha."

Mimi nilisikia neno moja tu: asiamke.

Tangu siku hiyo mkoba wangu wa skuli haukukosa pakti tatu za juisi ya embe. Watu wakitazama pini, mimi nikitazama shingo ya baba. Nilizijua dalili zote: jasho, kujibu polepole, kutabasamu pasipo sababu. Njiani, tukipita Al Kamil, nilimsemesha bila kupumzika ili nijue kama yu macho kwenye usukani. Nikamuuliza duka hili la nani, mbuzi wale wanakwenda wapi. Akacheka, akaniuliza kama nimekula kasuku. Nilicheka na mimi, huku mkono umeshika mkoba.

Fainali ilikuwa Nizwa. Baba alibakiwa na mtupo mmoja tu wa kushinda. Akalinyanyua tufe mpaka kifuani, akasimama. Watu wakadhani analenga shabaha. Mimi niliona jasho shingoni, kisha akageuka kidogo nikaona anatabasamu.

Watoto tulikatazwa kuvuka mstari. Nilimuogopa mwamuzi, nilimuogopa mama atakayejua amefichwa, na zaidi nilimuogopa baba mwenyewe. Nikavuka. Mwamuzi akaninyooshea mkono nirudi, nikamwambia kwa Kiarabu, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, "Baba yangu ana sukari. Mshikeni."

Watu wawili walimdaka magoti yalipokuwa yakikunjika. Tufe lilianguka shubiri moja tu kutoka mguuni mwake. Nilitoa juisi, lakini hakuweza kunywa. Mtazamaji mmoja, muuguzi, akampaka asali kwenye ufizi mpaka gari la hospitali likafika. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikisoma kila sura niliyoihifadhi, nikikosea na kuanza upya, nikiamini kuwa nikikosea mara nyengine ndiyo basi, hataamka.

Aliamka wakati wa Isha. "Umewaambia," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akageukia ukutani.

Kilabu hakikumchukua tena. Akaenda kuuza matairi. Kwa wiki nzima nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, basi. Kimya kile kilinitisha kuliko Nizwa. Siku ya nane akaniita chumbani, sindano na kipimo cha sukari mkononi. "Njoo uone ninavyopima," akasema. "Umeshajua, basi ujue vizuri." Nikakaa ubavuni pake, nikaisoma namba kwenye kipimo.

Leo baba ni mzee, amebandikwa kidude cha kupima sukari mkononi. Sukari ikishuka, simu zinalia pamoja: yangu, ya mama, ya mdogo wangu aliye Maskati. Wanangu bolingi wanaichezea kwenye kioo cha simu, wanaangusha pini kwa kidole, kisha wanalalamika kidole kimechoka. Nikiwahadithia hofu yangu ya Nizwa, huniuliza kwa nini sikutuma meseji. Alhamdulillah, hapana mtoto atakayebeba nilichokibeba mimi. Ila tukikaa na baba siku hizi, kila mmoja wetu ameinamia simu anatazama namba zake, na hapana anayemtazama baba usoni.