Andongwisye Anamkataa Mtoto, Anamtaka Msomi

Kabla serikali haijafungua soko, Andongwisye wa Ipinda aliitwa mlanguzi wa kakao, na polisi walimfahamu kwa jina. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa akawa mfanyabiashara. Polisi waliendelea kumfahamu kwa jina, ila sasa walianza na salamu. Kazi ilikuwa ile ile, mzani ule ule, na kidole chake kwenye mzani hakikuhama. Mtu akipanda cheo namna hiyo, bila kubadilisha chochote, huanza kuamini kwamba dunia nzima ndivyo ilivyo.

Ndiyo maana habari zilipofika kwamba Kisa amechaguliwa kwenda chuo kikuu, Andongwisye alipanda cheo tena. Kisa alikuwa binti yake kwa Keziya, mke ambaye Andongwisye alimwacha wakati mtoto bado anabebwa mgongoni. Tangu siku hiyo malezi yake yote kwa mtoto yalikuwa kutomsumbua. Keziya alimlea kwa kuuza mchele sokoni, akisaidiwa na kaka yake Hezroni, mkulima wa Makwale. Lakini sasa Andongwisye alizunguka duka hadi duka akipokea pongezi.

"Ni damu, jamani," aliwaambia. "Akili haipimwi kwa kilo."

"Ndaga fijo, Baba Kisa," walimjibu kwa Kinyakyusa, yaani asante sana, na baadhi yao walikuwa wakimshukuru kwa kuondoka dukani. Akavuka mpaka kwenda Karonga, Malawi, kununua kitambaa cha suti, maana kanisani ingefanyika ibada ya kumwombea msomi, na wazazi wangesimama mbele.

Kasoro moja tu ilijitokeza. Miaka ile vyuo vilikuwa vimeanza kutaka mzazi achangie gharama. Keziya alikwenda mwenyewe kwenye ghala la Andongwisye.

"Baba Kisa, nauli nimepata, godoro nimepata. Mchango wa chuo siuwezi peke yangu."

"Mama Kisa, hali ya kakao unaiona."

"Naiona. Magunia yamegusa dari."

"Hayo ni ya watu."

Keziya hakubishana. Alimtazama fundi cherehani aliyekuwa akimpima Andongwisye mabega, akatoka, akaenda kumshtaki kwenye baraza la kata.

Beatrice, mke wa sasa, alimshauri mumewe aseme hana uwezo. Andongwisye alimcheka. Mwenye suti mpya ataanzaje kusema hana uwezo? Yeye alikuwa na hoja nzuri zaidi, ya mila. Mwanamume akiachana na mke hurudishiwa ng'ombe wake wa mahari, lakini kama kuna mtoto humwacha ng'ombe mmoja kwa wakwe, na huyo ndiye anayemfunga mtoto na ukoo wa baba. Akiwachukua wote, mtoto ni wa wajomba. Siku ya kuachana, wazee walimbembeleza amwache mmoja. Andongwisye aliwachukua wote, na wakati ule walimwita mroho. Sasa aligundua kwamba kumbe alikuwa na busara.

Barazani walijaa watu, kwa kuwa mpunga ulikuwa umeshavunwa na hapakuwa na mchezo mwingine wa kutazama. Mwenyekiti, mzee Ambilikile, alimpa nafasi ajieleze.

"Mwenyekiti, mimi sina mtoto katika nyumba ile. Ng'ombe niliwachukua wote. Sikuacha hata mkia."

"Wote?" aliuliza mzee Ambilikile. "Hata yule tuliyekuomba umwache kwa ajili ya mtoto?"

"Huyo nilianza naye."

Watu wakacheka. Andongwisye alidhani wanacheka pamoja naye, akakaa vizuri kwenye benchi. Keziya akainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba arudie. Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu hakuna alichopenda kama kusikilizwa.

Mzee Ambilikile alimgeukia Keziya. "Mama, sheria ya serikali ina maneno yake mengine. Ukitaka kumbana zaidi, mahakama ipo Kyela."

"Mahakama ya nini, baba? Amesema mwenyewe. Kaka, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Hezroni kutoka pembeni. "Mtoto ni wetu."

Kesi ikaishia hapo. Andongwisye alitoka bila kudaiwa hata senti, akawapa mkono watu kama mgombea aliyeshinda kura. Wiki hiyo Hezroni aliuza fahali wake mnadani, na mchango wa chuo ukapatikana.

Jumapili ya ibada suti ilikuwa tayari. Ilikuwa ya rangi ya kakao iliyokaushwa vizuri, na ilimkaa. Mchungaji alimwita Kisa mbele, akawaomba wazazi wasimame. Keziya akasimama. Andongwisye akasimama, akafunga kifungo.

"Mama yetu Keziya," mchungaji alisema, "na mzazi wa Kisa, mzee Hezroni. Karibuni mbele."

Andongwisye alibaki wima katikati ya benchi. Jirani yake, Godlove, alimvuta koti taratibu.

"Kaa, bwana, unatuzibia. Tunataka kuwaona wazazi."

Baada ya ibada alimfuata Hezroni nje, akasema kwamba labda barazani walielewana vibaya, na kwamba yuko tayari kuchangia kidogo, kama baba.

"Hakuna aliyekufukuza, shemeji," alisema Hezroni. "Lete ng'ombe, tukae, tuzungumze."

"Nilete yule mmoja?"

"Mmoja ilikuwa zamani. Sasa lete uliowachukua. Na ndama wao."

"Ndama wengine walikufa."

"Poleni sana. Utaleta wanaofanana nao."

Andongwisye alikwenda nyumbani akiwa amebeba koti mkononi. Njiani alijaribu kukumbuka ng'ombe wale walizaa mara ngapi, akaacha, kwa sababu kila alipokumbuka walizidi kuongezeka.

Asubuhi ya safari ya Kisa, Andongwisye alifika stendi na mkungu mkubwa wa ndizi. Binti alikuwa ameshakaa dirishani ndani ya basi, na mama yake na mjomba wake walikuwa wakimkabidhi vifurushi vya mwisho. Andongwisye akapenya katikati yao, akauinua mkungu.

"Shikamoo, mzee," alisema Kisa kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu. Ndizi hizi. Huko mjini hazina ladha."

"Ndaga fijo."

Dereva aliwasha gari. Andongwisye aliendelea kushika dirisha, akitafuta neno ambalo baba husema mahali kama pale, na hakulipata, kwa kuwa hakuwahi kulihitaji. Kondakta akaja juu.

"Dada, mzee huyu ni nani wako? Anatuchelewesha."

Kisa alimtazama Andongwisye, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa akifunga vizuri mdomo wa kifuko cha mchele.

"Ananunua kakao hapa Ipinda," alisema. "Anafahamiana na mama."

"Sawa. Na mkungu huu, nani anaulipia mzigo?"

Hezroni aliangalia barabara. Keziya hakuinua macho kutoka kwenye kifuko. Andongwisye akatia mkono mfukoni, akalipa, na hakudai chenji.