Nilimlipa Binti Yangu Sambusa Ampeleleze Mamake

Wenzangu, kosa ni langu, msinitafutie wakili. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto wangu umbea.

Naishi mtaa wa Bulla Pesa. Mke wangu huuza maziwa ya ngamia sokoni. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, kwenye masomo ya jioni, na cheti nimekitundika ukutani. Hata kuku wa jirani wamekisoma.

Shida yangu ni wivu. Nikitoka kazini nilikuwa namwita binti yetu wa miaka tisa kando: "Leo mama amecheka na nani?" Akinipa habari, nampa sambusa. Akisema hakuna, naila mwenyewe mbele yake.

Basi habari hazikukosekana tena. Siku moja akaniambia, "Baba, mama amemwambia dereva wa maziwa eti cheti chako ni cha kufungia maandazi."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nilimfokea mke wangu mpaka nadhani ngamia wa huko mbali Kipsing waliinua shingo. Yeye aliuliza tu, "Baba watoto, mimi umeniuliza?" Akafunga nguo zake, akaenda kwa mamake, mtaa wa Kiwanjani.

Wiki hiyohiyo nikaitwa shuleni. Binti yangu alikuwa amegombanisha wasichana watatu waliokuwa marafiki, hadi wakang'oana nywele. Alikuwa akimpelekea kila mmoja maneno ya mwenzake, yote ya kutunga, akilipwa peremende.

"Mzee, nyumbani kuko sawa?" mwalimu akaniuliza.

"Sawa kabisa," nikasema. Mimi na cheti changu.

Njiani nikamuuliza mtoto, "Na ile ya maandazi?"

"Nilitunga."

"Kwa nini, binti yangu?"

"Siku nikisema hakuna kitu, hunipi sambusa."

Nilitaka kulia kwamba nimesalitiwa na damu yangu. Lakini hiyo biashara nani aliifungua?

Nilienda Kiwanjani, nikaeleza yote ya sambusa, nikaomba msamaha mbele ya mama mkwe, jasho likinitoka kama bomba lililopasuka. Mke wangu alirudi. Ila siku hizi mtoto akiingia jikoni, mamake ananyamaza. Juzi nilimsikia akiuliza, "Mama, mbona huniambii kitu?" Mamake akaendelea kuosha mitungi.

Nyinyi mnaosoma, ukiwa na shaka na mwenzako, muulize yeye, kwa mdomo wako. Mtoto mpe sambusa ya bure.