Sadala Akataa Lumbesa

Watu wa gulio lile la Handeni walimpenda Sadala kwa miaka mingi, ndiyo maana walipomgeuka ilimchoma zaidi. Yeye ndiye aliyewapimia wakulima mahindi yao. Akijaza debe, hupitisha ufito juu ya mdomo wa debe kulisawazisha. Kilichozidi humrudia mwenye mali. Wachuuzi waliotaka lumbesa, gunia lililovishwa kilemba cha mahindi ya bure, aliwaambia wakajipimie mchanga.

Msimu huu wachuuzi walisusa, wakahamia gulio jingine. Mwenyekiti, Mzee Mustapha, akaitisha kikao. Sadala alitega sikio asikie wakulima wakiwalaani wachuuzi. Wakamlaani yeye. Walisema anajifanya mtakatifu, na kwamba wema wake unawalaza njaa. Hata Mwantumu, jirani yake, alinyoosha mkono aondolewe.

"Shona lumbesa, ndugu yangu, ubaki na kazi yako," Mustapha alimbembeleza. "Mara moja haikufanyi mwizi."

"Na aliyeiba mara moja ni sheikh?"

Walicheka, kisha wakamvua kazi palepale.

Nyumbani, Ikram, aliyesomea falsafa, binti wa kaka yake, alimkuta akipasua kuni ambazo hakuna aliyeziomba. Akamweleza kuwa Wayunani wa kale waliamini furaha si kucheka wala kushiba, bali ni kuishi kwa wema mpaka uuzoee, kama kiganja kinavyozoea jembe.

"Kwa hiyo mimi hapa nina furaha?" Sadala aliuliza, shoka likiwa hewani. "Hao Wayunani wako walishavuliwa kazi na watu ambao wao ndio huwatetea?"

Ikram alikiri kwamba hata wao walibishana. Wengine walisema mtu mwema hadhuriki. Wengine, kwamba wema bila riziki na marafiki hautoshi.

"Ila baba mdogo, wapo waliosema asiyekasirikia dhuluma ni mpumbavu."

"Hapo ndipo waliposema kweli," alijibu, akashusha shoka.

Gulio lililofuata alipeleka mahindi yake mwenyewe, magunia yameshonwa bapa. Wachuuzi, waliorudi baada ya yeye kuondolewa, waliyapita kama mawe. Pembeni yake Mwantumu alikuwa akihangaika na gunia lililomzidi kimo. Akamwomba Sadala amshikie kilemba apate kushona.

"Hayo ni mahindi ya wanao, Mwantumu. Sikushikii."

Mchuuzi akamshikia, tena kwa furaha kubwa. Sadala alirudi na magunia yake yote, amekasirika vilevile, na hakutaka mtu yeyote amtulize.