Siku Babu Alipowaita Ng'ombe Wake

Nilipokuwa mtoto, ng'ombe wa babu yangu walikuwa miti. Ndivyo tulivyoamini nyumbani, na wala hakuna aliyecheka. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilipita Karagwe kabla sijazaliwa, ikawalaza ng'ombe wote wa mlima ule ulio nyuma ya kijiji chetu cha Kihanga. Kwa kuwa hapakubaki ng'ombe wa kula majani wala mchungaji wa kuyachoma, vichaka vya miiba vikaota kila mahali. Watu wakasema kila ng'ombe amesimama tena pale pale alipoangukia. Ukikata kichaka bila ruhusa umemuua mara ya pili, na ng'ombe wako aliye hai naye ataanguka.

Nimewaona akina mama wakizipita kuni nzuri kabisa, zimekauka zenyewe, wakaenda kutafuta mbali.

Babu mwenyewe hakutaja jina la ng'ombe hata mmoja. Bibi alituambia kwamba zamani ungemsikia toka bonde la pili akiwaita jioni, mmoja mmoja. Mimi sikumkuta hivyo. Nilimkuta mzee wa kukaa mlangoni na kiko chake, akiutazama mlima.

Sasa mjomba wangu, kaka yake mama, akampa baba mtamba mwenye mimba. Mimi wakati huo meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote. Tulifurahi, lakini baba hakulala vizuri, maana kwenye miiba ile kulikuwa na mbung'o. Jirani yetu alikuwa amejaribu kufuga kabla yetu. Ng'ombe wake alitokwa machozi, manyoya yakasimama, akakonda, akafa.

Baba akamfunga mtamba kamba, akauzunguka naye mlima mzima, akitazama ni wapi nzi wanamrukia. Aliporudi akasema, "Huko juu kwenye nyasi ndefu hakuna hata mmoja. Wanakaa kwenye vivuli vya miiba, kuanzia chemchemi mpaka hapa nyuma ya migomba. Tukifyeka, mtamba atakaa. Tusipofyeka, nitamrudisha kwa shemeji kabla hajanifia."

"Hutafyeka," babu akasema.

"Baba, ile ni miiba tu."

"Nimeshasema."

Baba alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini kwa babu alikuwa mtoto. Alivumilia kidogo, kisha asubuhi moja akaondoka na panga bila kumwambia mtu. Alirudi anachechemea, mwiba umemwingia unyayoni, mguu umevimba kama mkungu.

Babu akautazama. "Ulikuwa karibu na lile jiwe jeupe?"

"Ndiyo."

"Huyo ni Mayenje. Alikuwa na mateke."

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Aliinua kichwa, maana lilikuwa jina la kwanza la ng'ombe kumsikia mumewe akilitaja tangu sotoka. Akasema taratibu, "Mayenje hakumpiga mtu aliyemwendea kwa adabu. Mwanao kamwendea kwa nyuma, tena na panga. Ningekuwa mimi ningempiga pia."

Mama akaficha kicheko kwenye majani ya migomba aliyokuwa anafungia mzigo.

"Na wewe mzee," bibi akaendelea, "miaka yote hii umewaacha wananyeshewa huko nje. Ng'ombe jioni huitwa. Waite waingie bomani, halafu huyu afyeke."

"Boma lipi? Unaona boma hapa?"

"Miiba ikikatwa inajenga nini?"

Babu alivuta kiko mpaka kikazima.

Kesho yake alitangulia mbele na fimbo yake ndefu ya kuchungia. Kwanza aliupitia mlima wote, akichagua. Huyu, na huyu, na yule kule. Alipofika kwenye ukingo wa korongo akatikisa kichwa. "Hawa waacheni. Wana ndama." Baba alitaka kubisha, akaiangalia mizizi ilivyoushika udongo, akaacha.

Kisha babu akasimama mbele ya kichaka cha kwanza, akakohoa. "Kitare, mweupe, mtoto wa Gaju, twende nyumbani." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Akakigusa kwa fimbo, baba na baba wadogo wakakata. Kadiri alivyoendelea sauti ikarudi, ikapanda, mpaka watu wakatoka mashambani mwao kusikiliza. Sisi watoto tuliyaburuta matawi kushuka mlima huku tukiyaswaga, "Nenda! Nenda!" Bibi alikuwa chini, akiyapanga yawe ua wa boma, na kugomba. "Gaju, usimsukume mwenzio. Nafasi ipo."

Kichaka kikubwa kuliko vyote kilikuwa juu ya chemchemi. Hapo babu aliinua fimbo, kisha akaishusha bila kukigusa. Baba akaliweka shoka chini. Tukangoja. Babu anatazama tu yale majani.

Bibi akapanda mlima polepole, akajifuta mikono. "Bihogo, mama," akasema, "umechelewa. Wenzako wote wameshaingia."

Babu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka, na bado anacheka. "Siku zote wa mwisho," akasema. "Siku zote yeye ndiye wa mwisho."

Mtamba hakurudishwa kwa mjomba. Alizaa mvua za kwanza zilipoanza, na majani mabichi yakaota pale palipokuwa na vivuli.

Wajukuu zangu huniuliza kama niliamini kweli kwamba tuliburuta ng'ombe. Niliamini. Mikono yangu ilichomwa na miiba, na bado nilikuwa naiambia miiba hiyo ipite pole pole. Leo najua kwamba mbung'o hajui jina la mtu wala la ng'ombe, na baba angefyeka kimya kimya tu, mtamba angepona vilevile. Ila babu angebaki mlangoni. Jioni ile tulishuka mlima naye, akala, akaomba aongezwe, na kabla sijasinzia nilimsikia akimsimulia baba jinsi Mayenje alivyomwangusha mtoni siku ya arusi yake na bibi. Bibi alikuwa anamsahihisha.