Mwaka Niliocheza Bila Barnaba

Iko siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, siku niliyosimama mbele ya watu kucheza densi nikiwa mjane wa miezi michache.

Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika kiwanda cha unga hapa Eldoret, upande wa kupakia. Kila Desemba kabla ya kufunga mwaka, wafanyakazi walishindana kucheza, idara kwa idara, mbele ya wakubwa na familia zao. Usicheke. Ninyi vijana siku hizi mnacheza mbele ya simu; sisi tulicheza mbele ya watu waliotujua.

Mume wangu Barnaba alikuwa dereva wa lori palepale. Kwao ni Chepsaita, kwa wakulima; mimi ni binti wa Wakikuyu wenye duka pale Soy. Densi hiyo ndiyo iliyotukutanisha, na sisi wawili ndio tuliokuwa tukicheza mbele ya kikundi chetu. Kisha mwezi wa sita lori lake likapinduka njiani, nikawa mjane kabla sijazoea hata kuitwa mke.

Desemba ilipokaribia, msimamizi wetu, Mama Selina, alinijia nikishona midomo ya magunia.

"Wangari, mazoezi ni kesho jioni. Unakuja?"

"Mama, watu watasema nini? Nimezika juzi tu."

"Watu watasema hata ukikaa. Mimi sikulazimishi. Kama hutaki, sema hutaki. Lakini usiseme watu."

Akaenda zake. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu ukweli ni kwamba nilitaka. Mashine ikinguruma, miguu yangu ilianza yenyewe kutafuta wimbo, nami nikaona haya kama mtu anayeiba kwenye kaburi. Na kinywa ni jumba la maneno, mwanangu. Watu walishaanza kunong'ona kwamba yule mke wa Barnaba mbona macho yamekauka mapema.

Jumamosi nikaenda Chepsaita kwa mama mkwe. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikakaa, nikamsaidia, na mahindi yalipokaribia kwisha nikamwambia kilichonileta. Akaokota hindi la mwisho, akaendelea kupukuchua.

"Barnaba akiwa mdogo," akasema, "nikimtuma maji, anacheza na ndoo njiani mpaka maji yote yanamwagika. Nilikuwa namchapa." Akatupa gunzi kando. "Sasa wacha nikuulize. Wewe ukikaa chini, atarudi?"

"Hapana, Mama."

"Basi enda ucheze. Mimi sitakuja kuangalia. Siwezi. Lakini mtu akikuuliza, mwambie nimekutuma mimi."

Nilipewa Kimeli nicheze naye, kijana mpakiaji. Magunia aliyabeba kama mito ya kulalia, lakini miguu yake, maskini, ilikuwa mizito kuliko magunia. Siku ilipofika aliogopa kuliko mimi. Tulianza vizuri. Tukafika pale ambapo Barnaba alizoea kunizungusha, na mkono wangu ukapanda wenyewe, ukaenda hadi kimo cha mkono wake. Kimeli ni mfupi. Mkono ukabaki hewani peke yake.

Nikasimama. Nikalia mbele ya ukumbi mzima, muziki ukiendelea. Nikamsikia mama mmoja nyuma akisema, "Si nilisema?"

Kimeli hakunivuta. Hakuniacha pia. Aliendelea kucheza mbele yangu, vibaya, polepole, akijihesabia hatua kwa sauti. Mama Selina na wenzetu wakasogea, wakanizunguka wakicheza, kana kwamba kilio changu kilikuwa ndani ya wimbo tangu mwanzo. Nikajifuta uso kwa mkono wa blauzi. Miguu ikarudi.

Hatukushinda. Watu wa ofisi walichukua kombe, na walilistahili. Nje, Kimeli akaniuliza kwa unyenyekevu, "Pole, nimekukanyaga sana?" Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu mwezi wa sita, na hakikuniua.

Krismasi nilirudi Chepsaita, nikamsimulia mama mkwe yote, hata kilio. Akaniuliza wimbo ulikuwa upi. Nikamwimbia. Mama yule, aliyesimama bila chozi hata siku ya mazishi, akajifunika uso kwa leso akalia, nami nikalia naye, na chai ikapoa mezani.

Mwanangu, wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Mimi naongeza: hata siku ya kukipumzisha ni ya mfiwa. Usimpangie mwenzako ni lini afute machozi, wala usimhesabie kicheko chake. Ukifiwa wewe, usijifiche nyuma ya "watu". Nenda kwa yule aliyempenda marehemu kama ulivyompenda, useme naye kweli. Na kazini kwako, mwenzako akikwama katikati ya wimbo, usimburute, wala usimpite. Cheza karibu naye, hata kama hujui kucheza, mpaka arudi.

Mungu akujalie wenzako wa kukuzunguka siku utakayosimama ukilia, na akupe moyo wa kuwazunguka wao siku yao ikifika. Kazi ya mikono yako ibarikiwe, na furaha ikija mlangoni pako, usione haya kuikaribisha.