Kombe la Uwanja Nilioutengeneza Mwenyewe

Uwanja wa gofu ulioko nje kidogo ya Garissa, upande wa kuelekea mtoni, niliutengeneza mimi. Wako watakaokwambia ni kamati. Kamati ilikunywa chai. Tingatinga lilikuwa langu, lori la mchanga lilikuwa langu, na ile oili chafu tuliyomwaga kuzunguka mashimo, ili mchanga ushikamane na mpira uteleze kama kwenye nyasi za Nairobi, ilitoka kwenye gereji yangu. Shule niliachia darasa la tatu nikafuata mbuzi wa watu. Leo ukitaka ngamia wa harusi mji huu, utakuja kwangu, au utakwenda kwa mtu niliyemfundisha kazi.

Mchezo wenyewe niliuona Nairobi, kwa mnunuzi mmoja wa nyama aliyenikokota mpaka uwanjani tukaongelee biashara huko. Nilimtazama akipiga, nikasema moyoni, hii ndiyo mnalipia? Mimi nilishika fimbo kabla sijashika kalamu. Ngamia akitoka njiani unarusha kijiwe kikatue mbele ya pua yake, si kumuumiza, kumgeuza tu. Jicho la namna hiyo halinunuliwi. Nilipoanza kucheza, hakukuwa na mtu Garissa aliyenifikia kwa kupiga mbali.

Shida yangu ilikuwa pale karibu na shimo, mahali pa kusukuma mpira taratibu. Aliyenirekebisha ni daktari wa mifugo, mtu wa Murang'a aliyehamishiwa kwetu akapapenda. Aliniambia nishike fimbo kama ninayeshika kifaranga. Nikajifunza. Asubuhi baada ya sala nilikuwa peke yangu uwanjani, nasukuma mpira kama mwendawazimu, mpaka mkono ukakubali.

Sasa, kombe la mwisho wa mwaka lilikuwa limeshakwenda kwa mhandisi, kwa mwalimu mkuu, na kwa huyo huyo daktari. Kwa mwenye uwanja, bado. Mwaka jana nikasema basi, imetosha. Nilitangaza sokoni kwamba safari hii kombe linalala kwangu. Ukishasema hivyo mbele ya wafanyabiashara wa mifugo wa Garissa, umejifunga. Watu wale watasahau majina ya watoto wao kabla hawajasahau majigambo yako.

Jumamosi niliwachapa wote. Mchezo huu anayepiga mara chache ndiye mshindi, nami nilimaliza siku nikiwa mbele ya daktari kwa mikwaju mitano, na wengine wako huko nyuma hata siwataji. Jumapili ndiyo ya mwisho, tukapangwa mimi na yeye. Nusu ya soko ilikuja kutazama, wengine hawajui hata mpira unaelekea wapi.

Uwanja wetu una mashimo tisa, tunayazunguka mara mbili. Mzunguko wa kwanza ukaisha bado niko mitano mbele. Daktari akaniuliza kama nimepata mahali pa kuliweka kombe. Nikamwambia fundi ameshapigilia rafu juu ya televisheni. Haikuwa mzaha, alikuwa ameshapigilia.

Tulipofika shimo la tatu la mzunguko wa pili, ngamia wakaja. Njia yao ya kwenda kunywa inakatiza pale, na mimi ndiye niliyeiacha ilivyo. Njia ya maji haihamishwi kwa ajili ya mchezo, na kundi linalokwenda kunywa halikatwi katikati. Kwa hiyo mchezo husimama. Daktari akakaa kivulini, akavua viatu akakung'uta mchanga. Mimi nisingeweza kukaa. Mwenye kundi alikuwa mzee wa upande wa Ijara aliyemjua marehemu baba, na mtu kama huyo humpungii mkono kwa mbali. Nikamwendea. Tukaulizana habari kama inavyotakiwa, mvua, malisho, watu, mifugo, halafu watu tena. Naye akiwa bado anajibu, jicho langu likamwona ngamia jike mmoja, mweupe, kifua kipana, ana mimba. Wallahi, ngamia kama yule hapiti mbele yako kila mwaka.

"Huyo hauzwi, adeer," mzee akasema, akiniita kwa Kisomali kama mtoto wa ndugu yake.

"Sijauliza."

"Umeuliza kwa macho." Na huku ameshautoa mkono, ameufunika kwa shuka.

Kwetu bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo. Mnashikana mikono chini ya nguo, vidole ndivyo vinavyosema, na aliyesimama karibu haambulii kitu. Mkono lazima uwe mgumu. Ukiulegeza kidogo tu, mwenzako ameshajua una haraka. Tukabanana pale, mzee yule ana vidole kama kamba ya kisimani, mpaka daktari akaniita kwamba ngamia wamepita. Hatukuwa tumeelewana. Mzee akaniambia wakishakunywa anaondoka, nimfuate mtoni.

Nikarudi kwenye mchezo. Mikwaju ya mbali ilienda vizuri kama kawaida yangu. Karibu na shimo mpira ukapita. Nikausukuma kutoka upande wa pili, nao ukapita. Shimo lililofuata likala mikwaju miwili mingine. Nikatulia kidogo, mashimo matatu hayakunipunguzia kitu, na nikaona nimerudi. Shimo la nane likanimaliza, tukawa sawasawa.

"Tajiri," mchuuzi mmoja wa mbuzi akasema nyuma yangu, "mpira wako nao una kiu. Uache ukanywe."

Wakacheka. Hata mimi ningecheka.

Shimo la mwisho daktari alitumbukiza mpira wake bila maneno. Wangu ulikuwa karibu kiasi kwamba mtoto angeutia. Ukiingia, tumetoka sare. Nikausukuma, ukaruka mdomo wa shimo kama umetupwa. Kombe likaenda kwake tena, kwa mkwaju mmoja.

Nikampa mkono wa pongezi. Akakunja uso.

"Mzee, unanivunja vidole," akasema polepole. "Na fimbo umeishika hivi hivi tangu wale ngamia wapite."

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa bado uko chini ya shuka ya yule mzee, unabishana bei.

"Uliona, na hukuniambia?"

"Sokoni wewe ungeniambia?"

Walinipa heshima ya kumkabidhi kombe, nikamkabidhi, kisha nikashuka mtoni na viatu vyangu vya gofu. Mzee alikuwa bado hajaondoka. Ngamia yule ni wangu sasa, na daktari mwenyewe ndiye aliyempima akathibitisha mimba.

Wiki iliyofuata kamati iliniita. Walitaka tuzungushe waya siku ya mashindano, ngamia wazunguke mbali, mchezo wa mtu usiharibike tena. Walidhani wananifanyia hisani. Nikawaambia waya ni wao lakini nguzo ni zangu, na sitoi hata moja. Waache wapite. Mwaka huu nitamsalimu mwenye kundi, nikipenda mnyama nitamnunua, nami nitarudi shimoni na mkono wa kifaranga. Asubuhi hizi naenda sokoni kwanza, nabanana vidole na watu wawili watatu, halafu ndipo naenda kusukuma mpira. Jana uliingia.