Likizo ya Bi Kwanza

Wanafunzi wa uuguzi ndio waliomwita Bi Kwanza, naye alijua, na nadhani alilipenda jina hilo. Lilitokana na swali lake. Ukimpelekea mpango wa huduma ya mgonjwa, kabla hata hajavaa miwani ameshakuuliza, "Kwanza nini?" Ole wako ujibu, "Vyote, sista."

Nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa katika wodi ya upasuaji, kwa hiyo nikimsema nina haki. Daktari huandika jina la ugonjwa. Sisi wauguzi huandika ugonjwa huo unamfanya nini mtu: hapumui vizuri, ana maumivu, halali, ana hofu. Kisha matatizo hayo tunayapa namba, kwa sababu mikono ni miwili na wagonjwa ni thelathini. Kwenye hizo namba, mwenzangu hakuwa na mpinzani.

Siku moja mwanafunzi alimwandikia mpango mzee mmoja, fundi cherehani, aliyepasuliwa tumbo. Namba moja kupumua kwa shida, namba nne maumivu. Kitabuni yuko sawa kabisa, pumzi hutangulia. Bi Kwanza akaenda kitandani, akasema, "Baba, hebu kohoa kidogo." Mzee akashika tumbo, akakunja uso, asikohoe.

"Umeona?" akamwambia mwanafunzi. "Hakohoi kwa sababu anaumia. Makohozi yanabaki kifuani, ndiyo maana hapumui. Mtulize maumivu kwanza, halafu mpe mto aukumbatie akikohoa."

Kufika jioni mzee anapumua vizuri, tena anatutania kwamba sare zetu zimeshonwa na mtu mwenye haraka.

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba tatizo lililopo hutangulia lile ambalo huenda likatokea. Damu inayotoka leo kabla ya kidonda cha mgongo cha kulala sana kinachoweza kuja wiki ijayo. Kwa wodi ni sheria nzuri, sina neno nayo. Ubaya ni kwamba alikwenda nayo mpaka nyumbani.

Mama yake alikuwa anaishi kwa kaka yake Bi Kwanza, safari ya siku nzima kwa basi. Wifi yake akawa anapiga simu. Mama ameinjika sufuria bila maji. Mama amemwita mjukuu kwa jina la marehemu babu. Bi Kwanza alisikiliza kwa makini, akakata simu, akaniambia, "Bado. Anasahau vitu tu, watu anawajua." Akajaza fomu ya likizo, akaitia kwenye droo.

Si kwamba hakumkumbuka mama yake. Alimkumbuka mno, mtu asije akamsingizia moyo mgumu. Akimchana nywele mgonjwa mzee, alikawia kumaliza. Saa ya kuona wagonjwa, mabinti wakiingia na chupa zao za chai, alisimama dirishani akiwatazama, ukimwita haitiki. "Nimemkumbuka mama mpaka mwili unauma," aliniambia siku moja tukikunja mashuka. Nikamwambia nenda. Akasema atakwenda, wagonjwa wapungue kidogo.

Hawakupungua. Mara muuguzi mmoja kajifungua, mara wodi imefurika. Na mara moja, niseme ukweli, ilikuwa mimi. Nilimwomba anipishe niende harusi ya mdogo wangu, akanipisha bila kinyongo. Nilicheza sana kwenye harusi ile, na mpaka leo sipendi kuziangalia picha zake.

Mwaka wa pili tangu simu zianze ukaisha hivyo. Ndipo wifi yake alipopiga simu kusema mama hataki kula, kila akiletewa chakula anasema anamngoja binti yake ale naye. Bi Kwanza aliondoka na basi la asubuhi, fomu akaniachia nimpelekee matroni.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.

Aliingia chumbani jioni. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, amekonda, shuka magotini, na kando ya kitanda pana kiti kitupu cha mbao. Njia nzima alikuwa amepanga kumkumbatia. Lakini alipouona ule wembamba wa mkono, vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye kifundo, akatazama saa, akaanza kuhesabu mapigo.

Mama yake alitulia mpaka amalize. Kisha akauliza kwa adabu, "Naendeleaje, nesi?"

"Mama, ni mimi."

"Najua, mwanangu. Nyie manesi mna moyo mzuri. Hata binti yangu ni nesi. Ana wagonjwa wengi, maskini, msimsumbue. Wakipungua atakuja."

"Mama, ndiyo mimi. Nimekuja."

"Ahsante kwa kuja," mama yake akasema, akampigapiga mkono.

Bi Kwanza akavuta kile kiti akae.

"Hapo usikae, nesi," mama yake akasema kwa upole. "Hapo pake. Nataka akija apakute wazi."

Bi Kwanza akakirudisha kiti mahali pake. Akaenda jikoni kwa wifi yake, akarudi na kigoda, akakiweka karibu na mlango, akaketi. Mama yake alikuwa anautazama mlango. Naye akageuka, akautazama.